Kinanda cha Watu Wawili

Mwaka jana mimi na dada yangu tulikuwa na shilingi 1,700,000 za Uganda, na vinanda viwili vya kuchagua kimoja. Katika fedha hizo, 900,000 zilikuwa zake na 800,000 zangu. Zake zilitoka kwenye cherehani: sare za shule, magomesi ya harusi, na zipu za wanafunzi wenzangu ambazo huharibika usiku wa kuamkia mahafali. Zangu zilitoka kwenye kupiga vinanda vya kuazima kanisani na harusini kwa miaka miwili. Hazikuwa fedha za kuchezea. Kama tungekosea, tusingepata nyingine upesi.

Tunaishi Kikoni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, katika chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Upande wa dirishani ipo meza ya cherehani. Upande wangu kuna kitanda, vitabu, na kompyuta mpakato kuukuu. Dada huimba anaposhona. Anaimba vizuri kuliko waimbaji wengi niliowahi kuwapigia kinanda, na nasema hivyo bila upendeleo wa damu. Nia yetu ilikuwa kurekodi nyimbo zake nyumbani, taratibu, bila kulipia studio kwa saa.

Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Tumekulia katika kambi ya jeshi, ambako familia zilitoka kila pembe ya Uganda, na sisi watoto tulicheza, tuligombana na kupatanishwa kwa Kiswahili. Nalitaja hili kwa sababu sehemu kubwa ya kisa hiki ni maneno. Nilitakiwa kumweleza dada, kwa lugha yetu, vyombo ambavyo mimi mwenyewe nilivisoma kwa Kiingereza.

Vinanda vyenyewe vilikuwa sinthesaiza. Kinanda cha kawaida cha kanisani hubeba sauti zilizorekodiwa: ukibonyeza "filimbi" hutoka filimbi, na huna la kuongeza. Sinthesaiza huanzia chini zaidi. Hukupa mtetemo mtupu, kisha wewe ndiwe unayeuchuja, unaupa mwanzo na mwisho, unautikisa, mpaka uwe sauti unayoitaka. Sinthesaiza ya analogi halisi, kama Minimoog iliyotoka mwaka 1970, hufanya kazi hiyo kwa umeme unaotetemeka ndani ya saketi. Ni chombo kizuri, na bei yake ni ya watu wengine. Mwaka 1995 kampuni ya Clavia ya Sweden ilitoa Nord Lead, kinanda chekundu ambacho ndani yake hakikuwa na saketi za namna hiyo, bali chipu zilizokokotoa jinsi saketi hizo zingetetemeka. Hesabu zilichukua nafasi ya umeme, lakini nobu za kuzungusha na majina yake zilibaki zilezile. Kwa kufuata mfano wa barua pepe, mimi huziita sinthesaiza za analogi pepe: kazi ni ileile, mwili ndio haupo.

Za kwetu zilikuwa mbili, zote zimetumika, zote zimetoka Japani. Ya kwanza ni microKORG ya mwaka 2002. Ni ndogo, ina mbao pembeni, na vibao vyake 37 ni vyembamba kama vya kinanda cha mtoto. Ya pili ni GAIA SH-01 ya Roland, ya mwaka 2010. Nayo ina vibao 37, lakini ni vya ukubwa wa kawaida. Ni nyeupe, na uso wake wote umejaa nobu, slaida na vitufe.

Mwenzangu mmoja darasani aliniuliza mbona tusitumie programu za kompyuta, ambazo nyingine hazina hata malipo. Ni swali la haki. Jibu langu lilikuwa kwamba kompyuta yangu ni kuukuu. Nikibonyeza kibao, sauti huchelewa kidogo, na mpiga muziki hawezi kuishi na "kidogo" hiyo. Tena umeme ukikatika, betri ya kompyuta haifiki nusu saa. Vinanda vyote viwili hukubali betri ndogo za AA, kama zile za saa ya ukutani: microKORG sita, GAIA nane. Kwa mtu wa Kikoni, hiyo si sifa ndogo.

Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni. Nilitaka microKORG. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniachia yake kwa muhula mzima, na nilijifunza njia zake zote. Nasema njia kwa sababu si chombo kinachojieleza. Sehemu ya juu ina nobu tano tu za kuhariri sauti. Pembeni yake zipo swichi mbili za kuchagua, na jedwali la majina limechapishwa palepale. Ukielekeza swichi kwenye mstari mmoja, nobu tano zinashika kazi za mstari huo. Ukihamia mstari mwingine, nobu zilezile zinashika kazi nyingine. Nilitumia majuma mengi kulizoea jedwali hilo, na nilijivunia kulijua. Halafu ina vokoda: unaimba kwenye maikrofoni yake ndogo yenye shingo ya kupinda huku ukibonyeza vibao, na sauti yako inatoka kama kwaya ya mashine. Nilikuwa nikimsikia dada humo hata kabla hatujainunua.

Hesabu nayo ilikuwa upande wangu. Mpiga kinanda mmoja wa kanisa alikuwa akiuza microKORG kwa 1,100,000. Zingebaki 600,000. Kwa 400,000 tungepata kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, maana microKORG haina tundu la USB. Kwa 200,000 tungepata maikrofoni ya kumrekodi dada. Yote kwa siku moja, hata shilingi isibaki mkononi. GAIA ilikuwa kwenye duka la vyombo vya mitumba katikati ya jiji, kwa 1,600,000. Hiyo ina USB yake, waya mmoja tu na sauti inaingia kwenye kompyuta. Lakini zingebaki 100,000, na kwa fedha hizo hakuna maikrofoni wala kisanduku cha kuichomekea. Kinanda kingekuwepo, mwimbaji angesubiri.

Niliiandika hesabu hiyo daftarini, nikamsomea dada jioni akiwa anapiga pasi kola za mashati. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ndiye unayejua, mdogo wangu."

Maneno hayo huyasema mara nyingi. Anayasema kuhusu fomu za chuo, kuhusu simu, kuhusu barua za mwenye nyumba zinazoandikwa kwa Kiingereza. Baba alipofariki, yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne na mimi nilikuwa shule ya msingi. Alishika cherehani ili mimi niendelee na masomo. Tangu wakati huo tumegawana hivyo: yeye anafanya, mimi ninajua. Sikuwahi kuliona hilo kama jambo la kuuliza.

Mwenye microKORG alikuwa mtu muungwana. Aliniazima kwa siku mbili, nikaamua kuipeleka kwenye duka lenye GAIA ili nizisikie pamoja na roho yangu itulie. Dada alikuja kwa sababu nusu ya fedha na zaidi ilikuwa yake, na kwa sababu alihitaji vifungo na nyuzi za mjini. Tulipanda teksi, kinanda nikiwa nimekipakata kwenye mfuko wa kitenge alioushona usiku uliotangulia.

Muuza duka alikuwa mzee mpole aliyezoea vijana wanaokuja kugusa bila kununua. Kabla hajawasha GAIA alituonyesha adapta yake, akasema ile ya awali ameitupa. Vyombo vingi vya mitumba vinavyotoka Japani huja na adapta za umeme wa volti 100, na huku kwetu ukutani kuna volti 240. Mtu akiichomeka bila kusoma maandishi madogo yaliyo mgongoni, anaweza kusikia pafu moja tu, na huo ndio mwisho wa muziki. Nililiandika daftarini.

Tulifanya jaribio la haki. Dada aligeukia ukuta asione, mimi nikapiga kitu kilekile kwenye vinanda vyote viwili. Nilianza na noti moja nene ya besi. "Cha pili," akasema. Cha pili kilikuwa microKORG, nikafurahi. Nikapiga sauti ndefu ya kinanda cha kanisa, noti moja moja. Akasema hazina tofauti ya kumfanya atoe fedha. Kisha nikapiga vibao vitano kwa pamoja, besi kwa mkono wa kushoto na nne kwa wa kulia, nikazishikilia.

"Cha kwanza ni kizuri," akasema. "Hicho cha pili, mbona besi imeondoka?"

Nilijua kwa nini, na nilikuwa nimeamua kutolitaja. microKORG hutoa sauti nne tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kibao cha tano, moja kati ya zile za mwanzo hukatwa ili kumpisha mgeni. GAIA ina nafasi 64. Hata ukipanga tabaka tatu za sauti katika kila noti, vidole kumi haviwezi kuzimaliza. Nilimweleza dada kwamba mpiga kinanda mjuzi hupanga vidole vyake asivuke nne. "Sawa," akasema, bado akitazama ukuta, "lakini kwaya ya watu watano haimfukuzi wa kwanza mlangoni kwa sababu wa tano amefika."

Tukabadilishana. Mimi nikageukia ukuta, dada akabonyeza vibao nilivyomwonyesha. Katika mara sita nilikosea mbili. Mimi niliyejisifu kwamba naijua microKORG hata nikiwa usingizini, nilishindwa kuitofautisha. Kwa upande wa sauti tupu, basi, mashindano yalikuwa karibu sare: besi nilimpa microKORG, sauti za pamoja akashinda GAIA.

Ndipo yule mzee, ambaye alikuwa ametulia na chai yake, aliponiambia, "Kijana, naye aguse. Si fedha zenu wote?"

Dada alikaa kwenye kigoda mbele ya microKORG. Nilimuuliza anataka sauti gani. Alifikiri kidogo, akasema, "Tarumbeta ya alfajiri. Ile ya kambini. Ya mbali."

Nilielewa mara moja. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa mstari, mbali na lango, na tarumbeta ya kuamsha askari ilitufikia ikiwa imepita kwenye miti na ukungu. Haikuwa kali. Ilikuwa laini, kama imefunikwa kwa blanketi. Baba alikuwa tayari anafunga kamba za viatu.

Dada alizitazama nobu tano na lile jedwali. Akaniuliza, "Mbali kuko wapi hapa?"

Swali hilo lina jibu, na jibu lake ni la kifizikia. Sauti inaposafiri mbali hupoteza kwanza mitetemo yake ya juu, ile inayoleta ukali, na ile minene hufika. Kwa hiyo mbali kuko kwenye chujio. Nilimwambia azungushe swichi mpaka mstari wa chujio, kisha nobu fulani, si hiyo, ile inayoifuata. Akafanya. Nikamwambia sasa arudi mstari wa juu abadili wimbi, kisha ateremke mstari wa mwanzo na mwisho wa sauti. Akafanya. Alizungusha nobu aliyodhani bado ni ya chujio, kumbe imekwisha kushika kazi nyingine, na sauti ikapotea kabisa. Hilo likatokea tena, na tena. Mara ya tatu alitoa mikono juu ya kinanda, akaiweka mapajani.

"Fanya wewe," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Mzee alimwashia GAIA, akabonyeza kitufe kinachofanya sauti ifuate mahali nobu zilipo. Kinanda hiki hakina kioo cha maandishi hata kidogo. Kila kazi ina nobu yake au slaida yake, na zimepangwa kwa mafungu kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimweleza dada kwa maneno machache. Hapa sauti inazaliwa. Hapa inachujwa, kama chai. Hapa nguvu yake inaamuliwa: ianzeje, ishukeje, ikaeje, iisheje. Hapa mwisho inatiwa mwangwi. (Zile slaida nne za mwanzo na mwisho wa sauti, kwa Kiingereza huitwa kwa neno linalomaanisha bahasha. Nilipolitafsiri hivyo nyumbani, dada aliniuliza barua iliyomo ndani ni ya nani. Tangu siku hiyo tunasema mwenendo wa sauti.)

Dada alifuatisha mafungu yale kwa kidole bila kuyagusa. "Ni cherehani hii," akasema. "Uzi unatoka hapa, unapita hapa, unakazwa hapa, unaingia kwenye sindano."

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya sinthesaiza, na nimesoma mengi.

Alianza kubonyeza mawimbi. La mraba akasema lina nzi ndani yake. La msumeno akasema lina meno, na tarumbeta ina meno, akaliacha hilo. Kisha akashika nobu ya chujio akaifunga polepole. Meno yakapungua, blanketi likaja. Akaniangalia. Hakuniuliza kitu. Alisukuma slaida ya mwanzo juu kidogo, sauti isiruke bali iingie kama pumzi, akaongeza mwangwi, akaona umezidi, akaupunguza. Alipokosea, aliona kwa macho mkono wake umekosea wapi, akaurudisha. Baada ya kama dakika kumi alipiga noti tatu kwa kidole kimoja.

Haikuwa tarumbeta hasa. Mtu wa bendi angecheka. Lakini ilikuwa mbali, na ilikuwa alfajiri. Mzee aliweka kikombe chake chini.

Nikiwa nimesimama pale niliona jambo lisilonipendeza kuhusu nafsi yangu. Katika mpango wangu wote, ule wa daftarini, dada alikuwa koo na mimi nilikuwa mikono. Nilimnunulia maikrofoni kwenye karatasi kabla sijamuuliza anataka kufanya nini. Na sehemu ya mapenzi yangu kwa microKORG ilikuwa ni kwamba ninaijua mimi, na yeye hataijua bila mimi. Si kwamba ni chombo kibaya. Ni chombo kizuri sana, na laiti ningekuwa nanunua peke yangu, ningekinunua hata leo. Lakini tulikuwa tunanunua watu wawili, na chombo cha wawili ambacho mmoja anakaa kwenye kigoda akisubiri kuelekezwa, hicho ni cha mmoja.

Hata hivyo nilimkumbusha gharama. Nilimwambia, "Dada, tukichukua hiki sauti yako haitarekodiwa mpaka tupate fedha nyingine. Pengine mwisho wa mwaka."

Akasema, "Sauti yangu ipo, haijaenda popote. Mikono yangu ndiyo haijawahi kutengeneza kitu kisicho cha mteja."

Mzee alipunguza 50,000, akaandika risiti kwa jina la dada.

Siku iliyofuata nilirudisha microKORG kwa mwenyewe. Sitasema sikuumia. Tulikosa vokoda, na hakuna nobu ya GAIA inayoweza kuifidia. Tulikosa ile besi. GAIA nayo ina kasoro zake, na ni haki nizitaje. Kwa kuwa haina kioo, huwezi kusoma umehifadhi nini wapi; tunaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Tena ukiita sauti uliyoihifadhi zamani, nobu zinabaki pale ulipoziacha mwisho, kwa hiyo macho yanakuambia jambo moja na masikio jingine, mpaka uguse. Na kwa kuwa kila kitu kiko wazi, ni rahisi kupotea saa nzima ukitafuta sauti nzuri na wimbo usiandikwe.

Wanafunzi wenzangu wanaotaka kuanza muziki nyumbani huniuliza wanunue ipi. Huwa nawaambia mambo matatu. Kwanza, usisikilize kwa macho: mtu akupigie huku umegeuka, kwa sababu jina na bei vina sauti yao, nayo ni kubwa kuliko ya kinanda. Pili, piga hesabu ya vitu vinavyozunguka kinanda, yaani waya, kisanduku, adapta na betri, kabla ya kupiga hesabu ya kinanda chenyewe. Tatu, kama kuna mtu mwingine atakayekitumia, mpe kiti kwanza. Mtake atengeneze sauti moja anayoikumbuka, si unayoikumbuka wewe, halafu uhesabu mara ngapi anageuka kukuuliza. Mwenye microKORG atapata sauti 128 zilizopangwa tayari, na kama kazi yake ni kupanda jukwaani na kupiga, hizo zinamtosha kuanza usiku huohuo. Mwenye GAIA ataona njia nzima ya sauti, kutoka inapozaliwa hadi inapotoka, na kama bado anajifunza, kuiona njia ni nusu ya kujifunza.

Maikrofoni hatujainunua bado. Ada ya muhula huu ilimeza akiba, na kwa sasa tunamrekodi dada kwa simu iliyofungwa kwenye mti wa pazia, cherehani ikiwa imenyamaza. Sauti inatoka na kelele za boda boda wa nje. Tunazifuta zinazofutika, zinazobaki tunazizoea.

Juma lililopita nilirudi kutoka maktaba, mtaa mzima uko gizani. Nilipofika mlangoni nilisikia sauti nisiyoijua. Ilianza kama mvua ya mbali juu ya bati, ikapanda, ikawa kama watu wengi wanaovuta pumzi pamoja, kisha ikashuka taratibu. Dada alikuwa ameketi na mshumaa, betri nane zikiwa ndani ya kinanda, kipande cha kitambaa cha mteja kimeanguka sakafuni. Nilisimama nikajaribu kukisia. Mvua nilidhani ni ule mvumo mtupu usio na noti, umepitishwa kwenye chujio. Hiyo pumzi sikuijua. Niliweka mfuko wangu chini, nikamuuliza ameifanyaje.

"Njoo nikuonyeshe," akasema, akanisogezea kigoda.